Acheni kuniambia kompyuta ni chombo tu

Kila nikileta habari hii mbele ya waandishi wenzangu napewa jibu lile lile: "Wewe naye! Kompyuta ni chombo tu. Andika." Wanalitamka kama mtu anayefukuza nzi. Na ni watu hao hao ambao ukiandika "hatma" badala ya "hatima" watakuandama wiki nzima, wakikukumbusha kwamba lugha ni utu, lugha ni heshima, lugha ni sijui nini. Ila kile kinachoibeba hiyo lugha kutoka kichwani hadi kwa msomaji, hicho eti ni chombo tu.

Basi leo nataka tugombane kidogo.

Nilianza kutumia Windows nikiwa sekondari, nikaenda nayo chuo kikuu, nikaikuta chumba cha habari, nikalala nayo nyumbani. Zaidi ya miaka kumi na tano. Oktoba mwaka jana nikahama. Naandika makala haya Nyololo, wilayani Mufindi, pale barabara ya kwenda Igowole na Kibao inapoachana na barabara kuu ya Tunduma, kwenye laptopu ile ile ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, ila ndani yake sasa kuna Linux Mint. Sikuhama kwa ajili ya itikadi, wala mimi si mtu wa kompyuta. Shahada yangu ni ya uandishi wa habari, na utaalamu wangu wa waya unaishia kwenye kuchomeka chaja. Nilihama kwa sababu ya riwaya ya baba mkubwa.

Baba mkubwa ni mwalimu mstaafu, miaka 79, macho yameanza kumsaliti. Baba yake, yaani babu yetu, alikuwa manamba. Waliokulia Nyanda za Juu Kusini wanajua neno hilo lina uzito gani huku: vijana wa Uhehe, Ubena na Ukinga waliokusanywa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, kila mmoja na namba yake, wakisimamiwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Wapo waliorudi na wapo ambao mama zao walikufa wakiwasubiri. Babu alirudi, akasimulia, na baba mkubwa akayageuza masimulizi yale kuwa riwaya. Kati ya 2001 na 2003 aliichapa usiku usiku katika ofisi ya parokia moja, ambako wageni walikuwa wameacha kompyuta iliyotumika na jenereta iliwashwa hadi saa tatu. Sura kumi na moja. Baadaye kijana mmoja akamchomea kwenye sidii. Nakala ya karatasi ilikuwa moja tu, mchwa wakaila. Yale madaftari aliyoanzia aliwashia moto wa jikoni mwenyewe, kwa imani kwamba kazi iko salama "ndani ya kompyuta".

Septemba nilipoichomeka ile sidii nikaona faili kumi na moja, zote zikiishia na .wps. Zilitoka kwenye programu ndogo ya kuandikia iliyokuwa imeenea kwenye kompyuta za nyumbani miaka ya tisini, ambayo wenyewe waliacha kuitengeneza zamani. Programu ninayoandikia kila siku ikaniambia haiwezi kuzifungua. Nikampelekea fundi ninayemwamini mjini, yule aliyenipigia window mara tatu, elfu ishirini kila mara. Akaziangalia kama daktari anayeangalia picha ya mapafu. "Kaka, hizi zimekufa," akasema.

Kumwambia mzee wa miaka 79 kwamba riwaya yake imekufa ni kazi ambayo sikuisomea. Nikamdanganya. Nikasema mashine yangu ina tatizo.

Aliyezifufua ni binti wa steshenari hapa hapa Nyololo, anayetutolea fotokopi na kutuchapia barua za maombi ya kazi. Nilikwenda kuprinti jambo lingine kabisa, nikawa nalalamika. "Niachie hiyo sidii, kaka," akasema. Akaichomeka, akabofya mara mbili, na sura ya kwanza ikatokea kwenye skrini na makosa yake ya kuchapa yote, hadi nafasi mbili mbili baada ya nukta ambazo baba mkubwa alifundishwa kwenye taipureta. Programu aliyoitumia inaitwa LibreOffice. Mfumo wa kompyuta yake ni Linux. Nikamuuliza kwa nini. Nilitegemea hotuba kama ninazozisoma mitandaoni. Akaniambia flashi za wanafunzi zilikuwa zinamletea virusi, vile vinavyogeuza kila folda kuwa njia ya mkato isiyofunguka, akachoka kufomati kila mwezi. Basi. Akaendelea kubana vitambulisho vya watu kwenye mashine ya plastiki.

Najua mtaniambia LibreOffice inafanya kazi hata kwenye Windows. Ni kweli, na nilianzia huko huko. Sikuona haja ya kuvunja nyumba kwa sababu nimepata kiti kizuri. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo Windows 10 iliyoachwa rasmi, na Windows 11 haiitaki laptopu yangu. Inataka kichakataji kipya, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Yangu ni ya kizazi cha nne. Haijaharibika. Inawaka, inaandika, inacheza taarabu. Imeambiwa tu kwamba muda wake umeisha, na aliyeiambia hajawahi kufika Mufindi.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali la kijinga ambalo ningepaswa kujiuliza mwaka wa kwanza wa chuo: hivi hii Windows ni ya nani? Maana yangu haikuwa. Elfu ishirini nilizompa fundi zilikuwa ujira wa kuchakachua. Na hapa, jamani, tuambiane ukweli. Sisi waandishi wa Kiswahili tunalia kila siku kuhusu hakimiliki. Riwaya ikitoka Jumatatu, Ijumaa iko kwenye kundi la WhatsApp kama PDF, tamthilia zilizowekwa kwenye mtaala zinatolewa fotokopi nje ya geti la shule, na tunataja COSOTA kama mtu anavyotaja polisi. Sawa, tuna haki. Lakini barua zenyewe za malalamiko tunaziandika kwenye programu za wizi. Nimekaa kwenye semina moja ya hakimiliki ambapo kona ya chini ya ukuta wa projekta kulikuwa na maandishi yanayofifia yakimwomba mwenye kompyuta athibitishe kwamba nakala yake ni halali. Hakuna aliyecheka. Sidhani hata kama kuna aliyeona, maana maandishi yale tumeyazoea kama tulivyozoea mashimo ya barabarani.

Mazoea yana taabu, na ndani ya fasihi tunajua hilo kuliko wengine. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, waliozoea vina na mizani walisema yale si mashairi. Leo sisi tuliokuja baadaye tunawacheka wazee wale kwenye insha zetu za mwaka wa pili, tunajiona watu wa mabadiliko. Mwambie mmoja wetu sasa kwamba kitufe cha kuhifadhi kimesogea sentimita mbili kushoto, uone.

Kiswahili chenyewe kimeshahama jukwaa, tena kuhama kukubwa kuliko huku kwangu. Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake una tarehe ya 1728, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona alimwandikia bintiye mwaka 1858 kwa herufi hizo hizo. Halafu wakaja wamisionari, serikali za kikoloni na shule zao, na kufikia mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya kusanifisha lugha ya Afrika Mashariki, herufi za Kilatini ndizo zilizokaa mezani. Sisemi herufi hizi ni mbaya. Ndizo ninazochapa hivi sasa. Nasema tuangalie kilichotokea kwa waliobaki upande wa pili. Weka muswada wa utendi mbele ya wahitimu ishirini wa fasihi ya Kiswahili kutoka bara, hesabu wanaoweza kusoma mstari mmoja. Kazi zetu wenyewe zinalala kwenye maktaba, nyingine London, nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenye funguo ni wataalamu wachache. Hazikuungua. Zilifungwa tu.

Faili za .wps za baba mkubwa ni kitu hicho hicho, ila safari hii ilichukua miaka ishirini na mbili tu. Na waliozifungua hawakuwa wale waliozitengeneza. Ni watu wa kujitolea, ambao bila kulipwa na baba mkubwa wala kujua kwamba yupo waliketi wakachambua jinsi programu ile iliyokufa ilivyokuwa ikipanga herufi zake, kisha wakaandika msimbo wa kuzisoma, wakauacha wazi kwa yeyote. Huo nauita uhakiki wa matini. Mhakiki wa tendi angewaelewa mara moja.

LibreOffice huhifadhi kazi kwa muundo uitwao ODF, ambao shirika la viwango la kimataifa, ISO, liliupitisha mwaka 2006. Maelezo yake yamechapishwa. Mjukuu wako akitaka kusoma riwaya yako mwaka 2090 na programu zote za leo zimezikwa, atampata mtu wa kumtengenezea ufunguo kwa kufuata maelezo. Msomaji mjuzi atanikumbusha kwamba hata docx ilipitishwa na ISO, mwaka 2008. Ndiyo, kwa maelezo ya zaidi ya kurasa 6,000. Mpe mjukuu wako kazi hiyo kama humpendi.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikisaidiwa na Waswidi, kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Mwishoni mwa mwaka huo ukatoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, bure, pamoja na faharasa ya istilahi. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza kwamba itatafsiri programu zake kwa Kiswahili. Yaani kwa muda mfupi Kiswahili kilikuwa kinagombewa! Mimi nilikuwa mtoto, sikujua. Lakini waandishi, wahariri na wahadhiri wa wakati ule walikuwa watu wazima. Na kizazi changu kilipokua, je? Nimepita vyumba vya habari vitatu. Sijawahi kukuta kompyuta hata moja iliyowekwa Kiswahili, iwe Windows au kitu kingine. Tafsiri ilikuwepo, pamoja na ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili, na si fundi wala mimi tuliyefikiria kuuweka. Miaka yote hiyo kila neno nililoandika lilipigwa mstari mwekundu chini. "Mama" kosa. "Nyumbani" kosa. Na mimi nikaendelea tu, kama mtoto anayechapwa hadi fimbo haimuumi tena.

Halafu kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ituwekee Siku ya Kiswahili Duniani, tunabandika mabango mtandaoni ya kukisifu Kiswahili, mabango ambayo aliyeyatengeneza alibofya File, akabofya Save As, akabofya Yes.

Sababu tunayoitoa ni kwamba istilahi zinachekesha. Kuna ukweli. "Ngamizi" haikunasa, "tarakilishi" imebaki kwenye mitihani na kwa majirani zetu Kenya, na ukisema "kipanya" hapa Nyololo mtu atadhani unangoja Hiace. Lakini chukueni neno moja, tendua, ambalo tafsiri nyingi za Kiswahili hulitumia kwa ile amri ya kufuta ulichofanya mwisho. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tenda, tendua. Kauli ya kutendua tumeifundishwa sote kwenye sarufi, imekaa humo vitabuni ikingoja mashine itakayoihitaji, na mashine ikaja. Kiingereza kililazimika kubandika silabi mbele ya kitenzi. Sisi tulikuwa na kauli nzima. Mtu anayependa lugha anawezaje kuona neno kama hilo akasema "mimi nimezoea Undo"?

Sitawadanganya kwamba huku nilikohamia ni peponi pa Kiswahili. Nilipochagua Kiswahili kwenye Mint nilipata shuka la viraka: neno moja letu, matatu ya Kiingereza, na mengine yametafsiriwa na mtu aliyekuwa na haraka. Tafsiri hizi hufanywa na wanaojitolea, kwenye tovuti ambazo yeyote anaweza kujisajili. Nimejisajili, nimerekebisha mistari michache, na nimeona majina ya waliopita kabla yangu. Ni wachache mno. Nchi inayotoa wahitimu wa Kiswahili kila mwaka, wengi wao hawana ajira, wana simu na wana maoni, lakini menyu ya programu ya kuandikia imebaki nusu. Hapo siwezi kumlaumu Mzungu yeyote.

Mambo mengine yalinitesa, nayataja haraka. Mhariri wangu hutuma fomu yenye majedwali. Likifunguka kwangu, safu moja huwa imehamia ukurasa wa pili. Printa ya nyumbani ilinichukua siku mbili. Kupakua mfumo wenyewe kulikula karibu gigabaiti tatu za bando. Rafiki yangu anayepanga kurasa za vitabu hawezi kunifuata, programu anazotegemea huku hazipo, na simlaumu. Ila mshairi? Mwandishi wa hadithi fupi? Wewe ambaye kazi yako yote ni herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe? Wewe unaweza kuuweka mfumo kwenye flashi, ukawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, ukautembelea mchana kutwa bila kugusa kitu chako, jioni ukaichomoa. Mimi nilifanya hivyo siku nne kabla ya kuthubutu.

Baba mkubwa nilimweleza ukweli wote baada ya sura zake kupatikana. Akauliza programu hiyo ni bei gani. Nikasema bure. Akakunja uso.

"Bure kivipi? Kitu cha bure ni kitu bure."

Alikuwa anacheza na neno, kama walimu wa zamani wanavyopenda, lakini aligusa penyewe. Kwetu "mtu bure" ni mtu asiye na faida, "kazi bure" ni jasho lililopotea. Nadhani ndiyo maana fundi anaona aibu kumwekea mteja kitu kisicho na bei, na mteja anaona ameibiwa. Waingereza nao wamekwama kwenye neno lao moja, free, hadi wenye programu hizi hulazimika kila mara kufafanua kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Sisi tuna maneno mawili. Tuna bure na tuna huru, na watu wa Kiswahili wameshazipa programu hizi jina la huria. Nikamwambia, "Baba mkubwa, si bure ya kupewa kama msaada. Ni huria. Ukitaka kuifungua uone ilivyoshonwa, unafungua. Ukitaka kumgawia jirani, unamgawia, hakuna wa kukushtaki."

Akafikiri. "Kama hadithi za bibi yako," akasema.

"Kama hadithi za bibi."

Tangu hapo kila jioni namsomea. Nakaa karibu na jiko la mkaa kwa sababu ya baridi ya huku, laptopu mapajani, yeye amefumba macho na blanketi mabegani. Husahihisha. Kuna mahali mnyapara anaitwa kwa majina mawili tofauti. Nimetafuta na kubadilisha yote. Kuna nyimbo za kambini ambazo mwaka 2002 aliona haya kuziandika kamili, sasa anazisema na mimi nazichapa, nikiwa sina uhakika kama shangazi anapaswa kuzisikia.

Jana tulimaliza sura ya saba, ile ya safari kutoka Iringa. Kwangu ndiyo bora kuliko zote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Itoe hiyo."

"Yote?"

"Yote. Nilitunga. Baba hakuwahi kunisimulia ile safari, alikuwa akifika hapo anaondoka anaenda kwenye mifugo."

Nilibishana naye hadi mkaa ukawa majivu. Asubuhi nimeitoa, kama alivyotaka. Nakala yenye sura kumi na moja ipo kwenye flashi ndani ya mfuko wa koti langu, na bado sijamwambia.